Ngali

Februari, mjini Yorkton, nyanda za Kanada.
Kipimajoto cha dirishani kimeshuka mpaka kimeishiwa namba.
Orest Hawryliuk amesogeza kando bakuli la supu ya bitiruti
na mahali pake ameweka ndege ya mabomu:
mbawa mbili, kiwiliwili kilichopasuliwa nusu mbili,
vyote bado vimeshikana na fremu zake za plastiki,
kijivu cha samaki aliyegandishwa.

Gundi hajaigusa. Bado anapanga.
Ana daftari, ana penseli ya seremala,
ana rula iliyovunjika kwenye sentimita ya kwanza,
kwa hiyo kila kipimo chake huanzia moja.

Anachopanga hakikutokea:
kwamba vita vilipokwisha, ndege hii
isingalipelekwa kuyeyushwa ikawa masufuria.
Ingalisahauliwa bandani,
na mwaka wa sitini na kitu mtu angaling'oa injini zake za pistoni,
zile zenye kukohoa mafuta,
akaipa turbini nne,
ikaenda kaskazini kumwagia maji misitu inayoungua.

Lugha yangu ina herufi tano za kazi hii: ngali.
Hupachikwa tumboni mwa kitenzi kama injini kwenye ubawa,
na kitenzi kizima huruka mahali pasipo hewa.
Wahenga hawakuiamini. Ningalijua, walisema, huja nyuma.
Orest hajui Kiswahili.
Ngali anaijua kwa vidole.

Turbini anazo. Amezitoa kwenye ndege ya abiria
aliyoinunua dola tatu kwenye mnada wa kanisa,
sanduku limelowa, bawa moja halipo.
Nyembamba, pua zimechongoka.
Tatizo: turbini ni nyepesi.
Fundi wa kweli angezisogeza mbele,
ndege isije ikakalia mkia wake.
Plastiki haijali; unatia chubwi puani, yamekwisha.
Orest amepiga hesabu mara tatu
na kurefusha pua za injini milimita kumi na moja.

Halafu bomba la moshi.
Injini mbili za ndani zina magurudumu tumboni.
Moshi ukitokea chini, tairi litaungua.
Ukitokea juu, bawa.
Ameandika "pembeni?", akafuta, akaandika tena.

Darka anapita na chai.
"Hii ni ya vita au ya zimamoto?"
"Ya zimamoto."
"Basi bunduki za nini?"

Kweli.
Kuba la puani: liondoke, tundu lizibwe.
Kuba la mgongoni: liondoke.
La mkiani.

Penseli imesimama.
Hapo, ndani ya kioo kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho,
ndipo alipokaa Stefko, kaka wa mama yake,
mjomba ambaye Orest amemwona kwenye picha moja tu, kofia imemzidi,
miaka kumi na tisa, akiruka kinyumenyume,
anaona tu kule walikokwisha kupita,
hadi usiku mmoja wa Machi juu ya Ujerumani,
na barua ya Kiingereza ambayo bibi hakuweza kuisoma
na hakumruhusu yeyote amsomee.

Hesabu inasema liondoke.
Mkia mwepesi, pua ndefu, mizani imekaa.
Injinia yeyote angeliondoa.

Orest anachora kioo upya, bila bunduki.
Anachora kiti.
Kando yake anaandika, kwa herufi zake za fundi wa matrekta:
Mtazamaji. Ahakikishe maji yameangukia moto.
Kisha, maana uzito ni uzito:
kilo themanini, pamoja na koti.

Anarudi kwenye pua. Kumi na moja haitoshi tena.
Anafuta. Kumi na tatu.

Supu imeshika utando.
Bomba la moshi, bado hajui.